Moja, Mbili, Tatu, Nyongeza

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Unalala upande kama majani yaliyopigwa na upepo wa ziwani, na herufi nyingine nazikosea hata nikiwa nimekaa mezani vizuri. Shule niliishia darasa la saba, na hata wakati ule mwalimu alikuwa anafuta ubao mimi bado niko mstari wa pili. Naandika polepole, nasimama, naangalia nje, narudi. Atakayekuta neno limekaa vibaya alinyooshe kichwani mwake aendelee kusoma. Nisingeandika kabisa kama si yaliyotokea Butiama mwezi wa nane, tulipokusanyika kwa Bibi kumshukuru Mungu kwa sababu mguu wake umepona. Bibi ni mama mzazi wa shemeji yangu. Wageni walikuwa wengi, sahani za chakula zinatolewa mlango wa jikoni, na aliyekuwa anazitoa ni mjukuu wake Nyangeta, mtoto wa dada yangu, ambaye sasa yuko darasa la tatu na ameota meno ya mbele makubwa kuliko uso wake. Alikuwa anahesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu," akasema, halafu akanitazama mimi niliyekuwa napita na ndoo ya maji, akamalizia, "nyongeza." Wageni wakadhani mtoto amekosea. Dada yangu Pendo akashika ukuta kwa kucheka, Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga, na mimi nikajimwagia maji miguuni. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri sahani yake akauliza, "Nyie mnacheka nini?" Hakuna aliyeweza kumjibu kwa ufupi. Haya ninayoandika ndiyo jibu lake, limechelewa kidogo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitoka Guta, nikapita Bunda, nikafika Musoma na begi moja na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaenda kukaa kwa Pendo pale Kamunyonge. Alipanga vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa na kitanda, neti na picha ya harusi yao. Cha mbele ndicho ninachokikumbuka zaidi, kwa sababu ndicho nilicholala. Magunia ya dagaa wakavu yalipangwa mpaka yakafunika dirisha, mwanga ukabaki kuingia kwa juu tu, kama mtu anayechungulia. Harufu ya dagaa iliingia kwenye chai, kwenye mkate, kwenye shati la Jumapili. Ukikaa siku chache unaacha kuisikia, mpaka siku moja kanisani mtu aliyekaa karibu nawe anahamia benchi la nyuma ndipo unakumbuka. Uani kulikuwa na jabali kubwa, pana kwa juu kama kitanda cha watu kumi. Waliojenga nyumba walishindwa kulivunja wakalizungushia ukuta. Juu yake tulianika dagaa, na chini yake, upande wa kivuli, ndiko tulikoishi mchana kutwa. Ninaposema tuliishi nina maana mimi na Nyangeta. Pendo alienda sokoni mapema na magunia yake. Shemeji alikuwa visiwani anavua, na alirudi wakati wa mbalamwezi tu, maana dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukiwaka wavuvi hawana kazi. Kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili, na katika hao wawili hakuna aliyekuwa anaongea.

Mimi nilikuwa naona aibu. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Muuza maji akipita na mkokoteni nilijiuma ulimi mpaka akafika kona, kisha namkimbilia na ndoo nimshike bega, ili nisimwite. Nyangeta alikuwa anakaribia miaka mitatu na hakuwa amesema neno, hata "mama." Alikuwa anaonyesha kwa kidole, anavuta nguo, analia akikosa. Kusikia alisikia vizuri kabisa. Ukifungua kopo la sukari jikoni, hata awe nyuma ya jabali, utamkuta miguuni pako. Pendo alimpeleka kliniki, na muuguzi akamwambia masikio ni mazima, ulimi ni mzima, ila watu waongee naye na wacheze naye, wasimlazimishe. Pendo alirudi akanipa maagizo akiwa bado hajavua viatu. "Umesikia? Uwe unaongea naye."

"Niongee nini?"

"Chochote, Masatu. Chochote kile."

Mama Bhoke, jirani yetu, alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani karibu kabisa na ukuta wetu, kiasi kwamba hakuna kilichosemwa uani kwetu ambacho hakukisikia. Akasimamisha mguu kwenye pedali. "Pendo nawe," akasema kwa upande wa pili, "umempa bubu alee bubu. Hapo mtakujaga kuongea kwa barua."

Nilicheka nikiwa nimegeukia jabali, asinione. Siku hizi nikikumbuka naona Mama Bhoke alikuwa anasema kweli tupu.

Bibi alikuja kutoka Butiama baada ya mavuno ya mtama, na jogoo kwapani na dumu la maziwa mgando. Hapa lazima nieleze jambo moja. Nyangeta ni jina la Bibi. Kwao mtoto akipewa jina la bibi yake, basi yeye ndiye bibi, si mchezo. Bibi akimzungumzia mtoto alisema "mimi." Na Pendo, kwa kuwa mtoto amebeba jina la mkwe wake, hakuweza kumkemea ovyo. Alikuwa anamwambia, "Mama, naomba utoe mguu wako kwenye uji," kwa sauti ile ile ya heshima anayomkaribishia Bibi mwenyewe kiti. Sasa siku ile Bibi alikaa kwenye kigoda chumba cha mbele, akampakata mtoto, akamtazama mdomoni kama anatafuta jino linalouma.

"Mbona mimi siongei?" akauliza. "Mimi nilikuwaga msemaji. Ukoo mzima wanajua. Hapa nimekuwa hivi kwa nini?"

"Mama, utaongea tu," Pendo akajibu, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

"Lini? Nimefungiwa humu na magunia. Nani anaongea na mimi? Huyu?" Akaninyooshea kidole. Nilikuwa nimeshika bakuli la kunawia. "Huyu tangu nimefika amesema shikamoo moja, na yenyewe kaimeza nusu."

Halafu akasema lile lililotufanya tusilale vizuri. Alisema kwake Butiama kuna watoto uani, kuna kuku, kuna majirani wanaopita wanapiga kelele. Krismasi angekuja tena, na kama angejikuta bado hasemi, angejichukua arudi naye nyumbani akajilee mwenyewe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga kuhamisha mche uliopandwa kivulini. Shemeji akiwa visiwani, na jina likiwa la Bibi, Pendo hakuwa na la kupinga. Alinawa, akala ugali wa muhogo na samaki sato matonge mawili, akasema ameshiba. Jioni nilimsikia jikoni akimwambia Mama Bhoke, "Nikirudi sokoni nisimkute, hiyo biashara yenyewe naifanyaga ya nini?"

Nilianza kufundisha kwa njia pekee niliyokuwa naijua, ile niliyofundishwa mimi. Nikachukua mkaa, nikaandika a, e, i, o, u kwenye ukuta wa uani, nikashika kijiti, nikagonga herufi. "A," nikasema. Nyangeta akatazama kijiti, akatazama ukuta, akaenda kuchungulia siafu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akauchukua ule mkaa akaula. Nilikaa chini nikiwa nimechoka, na kwa kuwa kazi haisubiri, nikavuta beseni la dagaa waliotoka visiwani nianze kuchambua. Wanaojua kazi hii wanajua dagaa hawaji peke yao. Ndani yao kuna furu, samaki wadogo wa aina nyingine, kuna vikonokono, kuna mchanga, na mnunuzi akikuta hivyo anatukana. Unamwaga kwenye turubai, unatoa kimoja kimoja. Nilikuwa nafanya hivyo ndipo mkono mdogo ukaja ukaweka furu juu ya goti langu. Kisha mwingine. Alikuwa amekaa karibu yangu siku zote hizo, anaangalia, na alijua furu ni yupi kuliko vijana wengi wa pale mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Nikasema, "Furu," kwa sababu ndiyo kweli. Akaniangalia mdomoni. Akaleta dagaa makusudi. Nikasema, "Dagaa." Akaleta konokono. Tuliendelea mpaka jua likahama, na nilipomaliza nilishtuka kwamba nimeongea mchana mzima na koo limekauka.

Tangu siku hiyo tulicheza kazi. Sikuwa na jina la jambo hilo, nilifikiri tunapoteza muda vizuri. Tulipanga vizibo vya soda, vyekundu huku, vya kijani huku. Tulitumbukiza vitu kwenye beseni la maji tuone kipi kinazama: kokoto, jani, kandambili ya Mama Bhoke iliyoanguka upande wetu na ambayo ilielea, akarudishiwa imelowa. Kila kitu nilikitaja. Nilikuwa nasema kama mtangazaji wa mpira. "Sasa mama anabeba jiwe, jiwe zito, analiweka, limezama." Cherehani upande wa pili ilikuwa inanyamaza, inasikiliza, inaendelea. Siku moja sauti ikaja juu ya ukuta, "Mjomba, nani kafunga?" nikaona aibu mpaka masikioni, lakini sikunyamaza, maana Nyangeta alikuwa ameshika jiwe lingine anasubiri.

Mchezo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa duka, na huo aliuanzisha yeye. Pendo alikuwa anaenda naye sokoni Jumamosi, anamkalisha nyuma ya meza. Uani Nyangeta akachukua kopo, akajaza mchanga, akaninyooshea. Mimi nikawa mteja. Nilimlipa majani ya mwarobaini. Alipima kama mama yake anavyopima: anachota, anapitisha kiganja juu ya kopo kusawazisha, anamwaga kwenye mfuko. Kwa kuwa yeye alikuwa kimya, kuhesabu nilihesabu mimi, kwa ile sauti ya Pendo ya sokoni inayopanda juu na kushuka: moja, mbili, tatu. Halafu, kama ilivyo kwa kila muuza dagaa mwenye adabu, anachota kwa mkono na kutupia wengine juu bila kuambiwa. Hiyo ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyeweka nyongeza kwetu hana mteja wa pili. Nyangeta hakuwahi kuisahau. Alijaza kiganja chake kidogo, akatupia, akanipigapiga mfuko kuonyesha sasa nenda.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo, karibu na mvua za vuli. Nilikuwa na haraka, mawingu yalikuwa yanakuja na dagaa wako juu ya jabali. Nikanunua haraka haraka, moja, mbili, tatu, nikamlipa majani yangu, nikachukua mfuko nikasimama. Nikasikia suruali inavutwa. Nikasema, "Asante, mama, nawahi mvua." Nikapiga hatua. Nyuma yangu sauti nisiyoijua, nzito kidogo, ya mtu aliyekasirishwa na ujinga wa mteja, ikasema, "Nyoneza."

Nikageuka. Alikuwa ameshika kiganja cha mchanga juu, uso umekunjwa kabisa. "Nyoneza," akarudia. Nilikaa chini pale pale. Nikafungua mfuko. Akatupia. Cherehani ilikuwa imenyamaza, na kichwa cha Mama Bhoke kilikuwa juu ya ukuta, mdomoni kashika pini zake zote. Akazitoa moja moja taratibu, akasema, "Masatu, huyo si wewe uliyesema?" Nikatikisa kichwa kukataa, nikamwonyesha mtoto kwa kidole. Mvua ikaanza kudondoka juu ya dagaa, tukawa tunaanua sisi watatu, Mama Bhoke karuka ukuta na kitenge cha mteja wake begani, na Nyangeta anatembea katikati yetu anasema neno lake kwa kila aliyempita, na kwa jogoo pia. Pendo aliporudi jioni alisikilizishwa neno hilo mlangoni. Aliweka ndoo chini. Akasema, "Rudia, mama," na mtoto akarudia, na dada yangu akaingia chumba cha ndani akakaa huko muda kidogo.

Baada ya hapo maneno yalikuja kama watu waliokuwa wanasubiri mlango ufunguliwe. Furu, jiwe, maji, zama, Bhoke. Shemeji aliporudi na mbalamwezi aliuziwa mchanga mpaka akafilisika majani. Na kuhesabu alihesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nyongeza. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Nilimwambia baada ya tatu ni nne. Alinitazama kama mteja mkorofi. Alipohesabu ngazi ilikuwa hivyo, alipohesabu kuku ilikuwa hivyo, kuku wa nne akawa nyongeza. Pendo alisema, "Mwache, si ndivyo tunavyouzaga." Mimi nilimwaza Bibi. Nilimwona akisema mtoto sasa anaongea, ndiyo, lakini tumemharibu.

Krismasi Bibi alikuja, na begani alikuwa na kitenge kipya kabisa cha kubebea mtoto mgongoni. Pendo alikiona kabla ya kumwona Bibi. Tulikula chumba cha mbele, magunia yamesogezwa: wali, jogoo, sato wa kukaanga, shemeji yupo, Mama Bhoke yupo, na wajomba wawili wa shemeji ambao sikuwafahamu, wakubwa, wenye suti. Nyangeta alipoona watu wote wale akajificha nyuma ya mguu wangu. Bibi akamwita. Kimya. Akampa soda. Kimya. "Wameniambia naongea," Bibi akasema, na hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Naongea na nani? Sijisikii." Akaanza kukunjua kitenge magotini.

Pendo alinitazama. Mbele ya wakwe wa dada yangu, na suti zile, mimi ambaye muuza maji tu alinishinda, nilipaswa kukaa kwenye kiti na kujibu nikiulizwa. Nilitoka nje, mtoto kaning'ang'ania mguu. Wengine walidhani nimekimbia. Nilirudi na kopo na beseni la mchanga, nikapiga magoti sakafuni katikati ya chumba, nikasema kwa sauti niliyoisikia inatoka kwangu kama ya mtu mwingine, "Hodi dukani. Mama, dagaa wapo leo?"

Mjomba mmoja akakohoa. Nikasema tena. "Mama, nimetoka mbali. Dagaa wapo?"

Mguu wangu ukaachiwa. Akaja, akachuchumaa, akasawazisha kopo kwa kiganja. "Wapo," akasema. Nikasikia Bibi anavuta pumzi. Kabla sijalipa, Bibi mwenyewe akashuka kwenye kigoda chake, magoti yanalia, akanisukuma pembeni kwa kiwiko. "Toka hapo, nimefika kwanza," akasema. "Nipimie mimi." Akatandaza kitenge apokelee.

"Moja," Nyangeta akasema. "Mbili. Tatu." Nikafumba macho. "Nyongeza."

Bibi akatazama ule mchanga kwenye kitenge chake kipya. "Hiyo nyongeza," akasema, "mbona kidogo?"

"Inatosha, Bibi," Nyangeta akajibu.

"Haitoshi. Mimi nimetoka Butiama."

Nyangeta akafikiri. Akachota tena, nusu kiganja, akatupia, akampigapiga Bibi kwenye mkono. "Sasa nenda," akasema.

Waliocheka kwanza ni wale wajomba wenye suti. Bibi hakucheka. Alikusanya pembe za kitenge, mchanga ndani yake, akafunga fundo kama mtu anayetoka sokoni kweli. "Nimejikuta mzima," akamwambia Pendo. "Nina biashara yangu hapa. Nitakaa hapa hapa mjini." Pendo akasema, "Asante, mama," na safari hii wote tulijua anawaambia wote wawili. Kisha Bibi akanigeukia. "Na wewe, kumbe unasemaga." Nikasema ndiyo, Bibi. Kwa sauti nzima.

Nne alikuja kuijua baadaye, huko chekechea, bila shida yoyote. Aliniambia mwenyewe, kwa huruma kidogo, kwamba mimi nilikuwa sijui. Sasa nina mke na dagaa wangu Guta, na mtoto wa kiume anayetembea lakini hajasema kitu bado. Siku ile Butiama, baada ya sahani kuisha, nilimtafuta nikamkuta nyuma ya jiko. Nyangeta alikuwa amemkalisha kwenye kitenge kile kile, kimefifia sasa, na mbele yao kuna kopo na lundo la mchanga. Alikuwa anamtajia kila kitu anachoshika. Sikuwasogelea. Nilisimama pale na ndoo yangu tupu, nikasikiliza.

Wewe uliyefika hapa, nina ombi. Niandikie. Nieleze mtoto wa nyumbani kwako anacheza nini, na vitu gani vilivyopo uani, na neno lake la kwanza alilipata wapi, nami nitamjaribia wa kwangu. Usiogope mwandiko, umeuona wangu. Nasoma polepole lakini nasoma yote, na nitajibu. Hata mistari mitatu inatosha. Ila ukimaliza wa tatu usifunge bahasha kwanza, tupia na nyongeza.